Safu ya Nne ya Bi Maanake

Ijumaa ya tarehe 28 mwezi huu, saa tisa na nusu alasiri, Karani Mkuu wa Kumbukumbu wa kituo chetu cha kusafisha maji atafunga daftari la zamu, atafunika kalamu yake na kwenda zake nyumbani. Atakuwa ametimiza miaka thelathini na minne na miezi miwili ya utumishi. Katika muda wote huo amechelewa kazini mara mbili tu. Mara ya kwanza alikuwa anajifungua. Mara ya pili alikuwa langoni, anabishana na mlinzi juu ya maana ya neno "mgeni".

Kwenye faili lake ana majina matatu yaliyonyooka, lakini hapa kazini hakuna anayeyatumia. Yeye ni Bi Maanake. Sisi wengine tukisema "maanake" tunaendelea kumwaga maneno tu. Yeye akisema "maana yake?" ananyamaza na kukutazama, miwani imeshuka puani, mpaka ujikute unatafuta pa kuweka mikono. Jina lilianzia chumba cha chai, likapanda ghorofani hadi kwa wakubwa, na siku hizi hata bahasha za kazi zinamjia kwa jina hilo.

Wasifu wa wastaafu wote wa kituo hiki, ambao husomwa ukumbini siku ya kuagana, umechapwa na yeye, na kila mwandishi ametoka ofisini kwake akiwa ameloa jasho. Safari hii amekatazwa kugusa mashine. Nachapa mwenyewe, kwa vidole viwili, kwa hiyo ukiona kosa lolote ni langu. Mimi ni msimamizi mkuu wa zamu, fundi pampu tangu nina nywele zote kichwani. Nimepewa kazi hii kwa sababu, kama Meneja alivyosema, mimi ndiye niliyegombana naye zaidi.

Nimeanza kuandika Jumatatu, na nikiri mapema kwamba nina karatasi mfukoni inayonichoma. Kituo kinaingiza mfumo mpya wa kompyuta. Daftari la zamu litawekwa kabatini, na pamoja nalo itakwenda safu ya nne, ile nyembamba ya mwisho kulia, ambayo Bi Maanake ameilinda kwa miaka ishirini na mmoja kama mtu anavyolinda mlango wa nyumba yake. Mfumo mpya hauna safu hiyo. Una kitufe kimoja cha kijani kilichoandikwa "Sawa". Karatasi yangu ni ya kuukubali mfumo huo, na inatakiwa irudi kwa Meneja, ikiwa na saini yangu, kabla ya Ijumaa. Tutafika huko. Kwanza nimtambulishe mtu kwa wale waajiriwa wapya wanaomjua kama mama mkali wa chumba namba mbili.

Alikuja hapa na shahada ya falsafa. Naam, falsafa. Tangazo la kazi lilitaka mtu mwenye elimu nzuri na mwandiko unaosomeka, na yeye alikuwa na vyote viwili. Waliomsaili wanasimulia kwamba afisa utumishi wa wakati ule alimwambia, "Mama, hapa kuna mabomba. Hiyo falsafa itatufaa nini?" Binti wa watu hakutetereka. Akauliza "kufaa" maana yake nini: kuongeza maji au kupunguza makosa? La kwanza hawezi, la pili anaweza kujaribu. Yule mzee alicheka mpaka akavua miwani, akampa kazi. Baadaye alisema alimpa kwa sababu ya mwandiko tu.

Mimi sikucheka. Nilikuwa fundi msaidizi mwenye spana mkononi na maneno mengi mdomoni, na nikawatangazia wenzangu kwamba tumeletewa mtu wa kuhesabu mchanga punje moja moja. Niliamini falsafa ni maradhi ya shibe. Mtu amekula, amepumzika, hana la kufanya, ndipo anaanza kuuliza maisha ni nini. Bomba likipasuka, nilikuwa nikisema, huliulizi lilikuwa na nia gani. Unalifunga. Msemo huo niliupenda sana, nikaurudia kila alipopita. Siku moja akasimama na kuniambia kwa upole kwamba ni kweli, bomba haulizwi, lakini kabla ya kulifunga ni vizuri kumwuliza fundi amefunga lipi. Wiki ile nilikuwa nimefunga bomba ambalo si lenyewe. Sikujua kama amepata habari.

Katika chumba cha chai kuna ubao mweupe uliokusudiwa matangazo. Bi Maanake aliuteka. Kila Jumanne asubuhi tulikuta swali moja juu yake, na majibu yaliruhusiwa mpaka birika liishe. Wengi wenu mnakumbuka lile la "Maji safi ni maji yasiyo na kitu, au maji yenye vitu vinavyotakiwa?" Tulianza tukicheka. Kufikia kikombe cha pili fundi wa klorini na fundi wa maabara walikuwa hawasemeshani. Kumbe mmoja alikuwa anapima maji ili aone kilichotoka, mwingine ili aone kilichoingia, na wote wawili waliandika "safi" kwenye kitabu kimoja kwa miaka sita. Tangu hapo wanaandika vipimo viwili. Hakuna mzungumzaji wa semina aliyewahi kutufanyia hivyo, na wale walikuwa wanaletwa kwa gari.

Msidhani alikuwa mtu wa kuuliza tu. Siku jiko la chai liliposhika moto, baadhi yetu tulisimama mlangoni tukinong'onezana kwamba sasa atauliza "moto maana yake nini". Yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kubeba ndoo ya mchanga, akamwaga, akarudi kuchukua nyingine, na alipopita aliniambia nisogee. Moto ulipozimika alijifuta mikono kwa kanga, akavuta kiti, akauliza "nilizima jiko" maana yake nini kwa mtu aliyeliacha linawaka. Mhusika yupo, ana wajukuu, simtaji.

Mwaka ule wa ukame nao usisahaulike. Maji yalipungua, ikabidi kuwe na mgao, na wakubwa wakatoa ratiba: kila mtaa saa sita za maji kwa siku, sawa kwa wote. Neno "sawa" lilipigiwa mstari. Tukaona haki imetendeka, tukapongezana. Bi Maanake akakaa na ile ratiba mchana kutwa, kisha akaja karakana akaniomba nimsindikize kwenye mtaa wa juu kilimani, nikiwa na saa ya mkononi na ndoo tano. Nililalamika njia nzima. Tulipofika tukaketi kwenye ngazi ya mama mmoja mwenye mapacha, tukafungua bomba lake, tukangoja. Huko chini maji yalitoka saa ile ile yalipofunguliwa. Kule juu bomba lilikohoa na kupuliza hewa kwa saa tatu na robo ndipo likatoa tone. Yule mama hakushangaa. Alituambia mapacha wake wameshajua kuoga kwa kikombe.

Tulishuka na ndoo zetu. Bi Maanake aliniambia kwamba lugha yetu ni tajiri lakini hapa imetuwekea mtego. "Sawa" ni kulingana, na "sawa" ni kuwa na haki, na mtu akisema moja akili inampa na nyingine bure. Saa sita na saa sita zinalingana. Ndoo na ndoo hazilingani. Wakubwa hawakudanganya, walikuwa wamechanganya sawa mbili. Aliandika ukurasa mmoja, bila tusi hata moja, na wiki iliyofuata ratiba ikapangwa kwa ndoo wala si kwa saa. Mtaa wa bondeni walinung'unika. Yule mama wa mapacha alituma salamu kwa "dada wa miwani na yule bwana anayelalamika".

Sasa nifike kwenye safu ya nne, maana nikizidi kuzunguka nitashindwa kuisema.

Wote mnaamini safu ile ililetwa na uongozi. Imeandikwa hivyo hata kwenye kitabu cha historia ya kituo. Si kweli. Ni jambo la asubuhi moja, miaka ishirini na mmoja iliyopita, saa moja na dakika kumi, wakati wa makabidhiano ya zamu. Mji ulikuwa hauna maji tangu jana yake kwa sababu tangi la tatu la kuchujia lilikuwa kwenye matengenezo. Simu zilikuwa zinalia ovyo. Nilikuwa nimekabidhiwa zamu siku ile kwa mara ya kwanza kama msimamizi, na nilitaka mji mzima ujue kwamba mimi si mtu wa mchezo. Kwenye karatasi ya zamu iliyotoka kulikuwa na mstari mmoja: "Tangi la tatu: sawa." Nilimtuma mtu asimame na ufunguo, mimi mwenyewe nikaenda kushika mkono wa valvu kubwa ya kuingiza maji tangini. Kilichobaki kilikuwa mhuri wa karani, maana utaratibu ulisema valvu haifunguliwi kabla mstari haujanakiliwa daftarini na kupigwa mhuri.

Mhuri haukuja. Nikangoja, nikachoka kungoja, nikaenda chumba namba mbili nikiwa nimefura. Bi Maanake alikuwa na kalamu mkononi na ile karatasi mbele yake. Akaniuliza sawa maana yake nini. Nilimjibu kwa sauti ambayo jengo zima liliisikia kwamba sawa maana yake sawa. Nikamwambia watu wana kiu, hawawezi kunywa falsafa. Nikamwambia na mengine, ambayo mke wangu amenikataza kuyachapa.

Aliinua simu akawapigia watu watatu wa zamu iliyotoka, mmoja baada ya mwingine, nami nimesimama pale nikigonga meza. Wa kwanza alisema yeye aliposema "sawa" alikuwa anaitikia tu: aliambiwa tangi lioshwe, akasema sawa, yaani nimesikia. Wa pili alisema sawa ni kwamba ufa umezibwa. Wa tatu, aliyeiandika karatasi, alisema aliwasikia wawili hao wakisema sawa, naye akaona basi mambo ni sawa, akaandika. Sawa tatu, na kila moja ilikuwa ya kweli. Hakuna hata mmoja aliyesema kwamba ndani ya tangi hamna mtu.

Hapo Bi Maanake akauliza swali ambalo nalisikia mpaka leo. Akauliza: ikiwa tangi liliagizwa lioshwe, nani alitumwa kuliosha, na yuko wapi saa hizi. Hakuna aliyejua. Akainuka akaenda chumba cha kubadilishia nguo, nami nikamfuata, na chini ya benchi tukakuta viatu vya nyumbani vya mtu mmoja, vimepangwa vizuri, soksi zimekunjwa ndani. Nilivitambua. Nilikuwa nimevinunua mwenyewe, zawadi ya arusi. Vilikuwa vya mdogo wangu, aliyekuwa na miezi mitatu tangu aajiriwe hapa.

Alikuwa ndani ya tangi, chini kabisa, anasugua kuta. Tulipolipiga tangi kwa spana alipanda ngazi, akatoa kichwa, akalalamika kwamba wamempa brashi iliyoisha na hii si namna ya kumfanyia mtu kazi. Nilikaa chini kwenye saruji. Tangu nilipofika chumba namba mbili mpaka kichwa kile kilipotokeza zilikuwa zimepita dakika kumi na moja, na mpaka nilipoviona viatu vile mimi nilikuwa nadai niruhusiwe kufungua maji.

Sikumshukuru. Nasema wazi, sikumshukuru Bi Maanake. Nilishindwa. Kuna deni la moyo ambalo mtu akilianza kulisema anaona sauti yake haitoshi. Kesho yake niliwahi kabla hajafika, nikachukua daftari la zamu na rula ya bati ya karakana, nikachora mstari mmoja wima upande wa kulia wa kila ukurasa, kurasa mia mbili, mpaka kidole kikaota sugu. Tulikuwa na safu tatu: kifaa, saa, hali. Nikaongeza ya nne, na juu yake nikaandika "Maana yake". Alipoingia alilifungua daftari, akazitazama kurasa, akanitazama mimi niliyekuwa najifanya natengeneza dirisha ambalo halikuwa limeharibika. Akasema mistari imepinda. Halafu akaanza kuijaza. Hatujawahi kulizungumza tena.

Tangu siku ile hakuna "sawa" iliyopita kwenye daftari hili peke yake. Sawa, maana yake: nimeona kwa macho yangu, hakuna mtu ndani. Sawa, maana yake: nimeambiwa, sijaona. Sawa, maana yake: sijui, lakini msimamizi ana haraka. Hiyo ya mwisho niliandikiwa mimi, mara nne, na mara zote nne nilipunguza haraka. Vijana wanaoingia kazini huiona safu ile kama adhabu mwezi wa kwanza. Mwezi wa sita unawakuta wanaitumia hadi kwenye ujumbe wa simu kwa wachumba zao, na nasikia imevunja uchumba mmoja na kuokoa miwili.

Kuhusu uchumba, mumewe, ambaye ni fundi cherehani na mtu wa utani, ametusimulia zaidi ya mara moja jinsi alivyomposa. Alimwambia anampenda. Akaulizwa maana yake. Mwanamume akarudi dukani kwake, akakaa na swali lile wiki mbili, akaharibu suruali za wateja wawili. Alirudi na jibu la mstari mmoja: maana yake sitaki tena kula peke yangu. Bi Maanake akasema hilo analielewa. Wana miaka thelathini na mmoja ya ndoa, na watoto watatu wanaobishana kwa adabu.

Mtu anaweza kusema hayo yalikuwa ya zamani. Dunia ya sasa inakwenda kasi. Nami nilidhani hivyo. Lakini tazameni simu zenu. Kila siku tunaulizwa "Unakubali?" na kila siku tunabonyeza "Nakubali" bila kujua tumekubali nini, kama mtu anayeitikia dua ya lugha asiyoijua. Mwaka juzi tuliletewa programu ya simu ya ustawi wa wafanyakazi. Wote tulikubali kabla ya kumaliza kikombe cha chai. Bi Maanake aliyasoma masharti yake kwa siku tatu za mapumziko, kwa kioo cha kukuzia, akagundua kwamba tumekubali programu ichukue namba za jamaa zetu wote. Alitugeukia akauliza "nakubali" maana yake nini kwa mtu ambaye hajui. Tuliifuta siku ile ile. Shangazi yangu alikuwa ameshapigiwa na watu asiowajua wakimwuliza anaendeleaje na pampu zake.

Nilimwuliza siku moja, kwenye benchi la nje, falsafa aliyosoma ilikuwa inahusu nini hasa. Nilitegemea jibu refu. Alisema ni kazi kama ya kwetu: maneno yanakuja yamebeba matope, mtu anayapitisha kwenye mchanga taratibu, anaangalia kilichobaki. Akasema mtu anaweza kuishi bila kufanya hivyo, kama anavyoweza kunywa maji ya mtoni, na wengi wamekunywa na wako hai. Kisha akaniomba nisogee, nilikuwa nimekalia kanga yake.

Basi turudi kwenye ile karatasi. Jumapili kabla sijaanza kuandika haya, nilikwenda kwa mdogo wangu. Siku hizi ana mvi, ana watoto wanne, na yeye ndiye anayewafundisha wapya usalama wa matangi. Kwa miaka ishirini na mmoja alijua kwamba kulikuwa na kuchanganyikiwa kidogo asubuhi ile. Hakujua mkono uliokuwa kwenye valvu ulikuwa wa nani. Sikutaka ayasikie ukumbini mbele za watu, wala sikutaka nife nayo. Nilimwambia yote, hadi matusi niliyomtukana mtu aliyekuwa anamwokoa. Aliikoroga chai yake mpaka ikapoa. Kisha akasema, "Sawa, kaka."

Kwa mara ya kwanza maishani mwangu, mimi ndiye niliyeuliza. Nilimwuliza sawa maana yake nini. Alisema maana yake amesikia. Maana yake imemwuma, na itamwuma kwa siku kadhaa. Na maana yake Jumapili ijayo nije kula kama kawaida, nisichelewe. Sawa tatu, wapendwa. Ningeondoka na moja tu, nisingejua ni ipi, na nadhani ningechukua mbaya.

Jumatano niliirudisha karatasi kwa Meneja. Mahali pa saini nilikuwa nimeandika: "Kitufe cha Sawa, maana yake?" Aliniita akiwa amekunja uso. Mtaalamu wa mfumo alikuwepo, akaeleza kwamba kitufe kinaokoa muda. Nikamwuliza ni muda gani. Akapiga hesabu akasema kwa zamu moja ni kama dakika kumi na moja. Wallahi sikumpangia. Nilivuta kiti nikawasimulia tangi la tatu kama nilivyowasimulia ninyi, na nilipomaliza Meneja alikuwa anatazama dirishani. Yeye alikuja hapa baadaye, alidhani safu ile ni urasimu wa zamani. Akamwuliza mtaalamu kuongeza kisanduku kimoja kunachukua muda gani. Wiki tatu. Akasema basi daftari libaki mezani wiki tatu, na mfumo usubiri. Kitufe cha kijani hakitawaka mpaka kisanduku kiwe kimejazwa maneno.

Mtaalamu akauliza kisanduku kiitweje. Alipendekeza "Maelezo ya ziada". Mimi na Meneja tulisema "hapana" kwa pamoja. Kitaitwa "Maana yake". Kwa hiyo, Bi Maanake, dada yangu, kuanzia mwezi ujao kila mtu atakayetaka kubonyeza "Sawa" katika kituo hiki, hata yule ambaye hajazaliwa bado, itabidi kwanza apite kwako.

Sasa shukrani, ambayo imechelewa miaka ishirini na mmoja. Asante. Maana yake: mdogo wangu ana mvi. Maana yake: ninalala. Maana yake: nilikosea kuhusu shibe, kuhusu mchanga na kuhusu wewe, na lile la bomba halina nia nimeacha kulisema.

Kwa desturi ukurasa huu hufungwa kwa kumtakia mstaafu maisha mema. Wote waliowahi kuandika wasifu hapa wanajua kilichowapata walipofika kwenye mstari huo: uliwarudishia karatasi ukitaka kujua "mema" maana yake nini, na mzee mmoja wa stoo alistaafu akiwa bado hajajibu. Nimekaa na swali hilo tangu jana. Watu wenye vitabu wamelihangaikia muda mrefu kuliko mimi, lakini wao hawana mwisho wa zamu, mimi ninao. Tunakutakia maisha mema. Maana yake: uamke bila king'ora. Maana yake: mzee wako wa cherehani asile peke yake hata siku moja. Maana yake: ukikaa kimya, iwe kwa sababu umeridhika, isiwe kwa sababu hakuna wa kumwuliza. Na Jumapili tunakula kwa mdogo wangu, wewe na mumeo mmealikwa; amesema msipokuja atakuja kuwachukua, na viatu vyake mtaviona mlangoni kwenu.